Kauli Iliyotoka Bila Hodi

Tusekile alikuwa akimenya ndizi za mchana, mvua ya Tukuyu ikipiga bati kama kawaida yake, aliposikia kauli ya Mzee Ambokile. Hakuwa ameketi kusikiliza. Kila asubuhi aliiacha spika ya jikoni wazi ili wenzake wa kundi la Tunaouguza wampigie soga wakati mikono yake ina kazi. Walikuwa watu waliotawanyika kutoka Kyela hadi Bukoba, kila mmoja akiuguza mtu wake nyumbani, na wengi wao hawajawahi kuonana kwa sura. Kundi alilianzisha yeye, mwaka ule mama yake alipoanguka kwa kiharusi na upande wake wa kulia ukafa. Ndiye aliyekuwa mlezi wa kundi, na ndiye aliyeweka sharti ambalo kila mgeni alisomewa kabla ya kukaribishwa: linalosemwa humu hulala humu.

Mzee Ambokile hakuwa msemaji. Siku hiyo alikohoa kwanza, kisha akasema:

"Asubuhi hii nilikuwa namwosha mke wangu miguu. Akanitazama sana, akaniuliza, 'Wewe ni nani?' Nikaona nikimwambia mimi ni mumewe ataona haya, maana miguu yake imo mikononi mwangu na hanijui. Nikamwambia, 'Mimi ni jirani.' Akasema, 'Ahsante, jirani. Una mikono mipole. Mume wangu naye ana mikono hivyo hivyo. Akirudi nitamwambia aje akushukuru.' Ni hayo tu, wenzangu. Nilitaka niyaseme mahali."

Kisu cha Tusekile kilisimama katikati ya ganda. Chumba cha pili, mama yake alikuwa amelala akitazama dari, na Tusekile akajikuta anamfikiria mdogo wake, Lugano, aliyekuwa Mwanza kwenye mitambo ya kusafisha maji. Tangu mama aanguke Lugano hajatia mguu Tukuyu. Kila alipopigiwa alikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa nzuri.

Enzi hizo kauli haikuwa maneno matupu. Ilikuwa imepita miaka ya sauti bandia, miaka ambayo mtu aliweza kuisikia sauti ya marehemu bibi yake ikimtukana, na hakuna aliyejua nani kasema nini. Mafundi wa mtandao wakabuni uzi. Chini ya ngozi ya kifundo cha mkono kila mtu alipandikizwa kigusa, kipande chembamba kama ukucha, na kila ulipotoa kauli kigusa kiliisokota pamoja na mapigo ya damu yako. Sauti hiyo haikughushika. Na kwa kuwa uzi ulibaki umefungwa kwako, kila mtu alipoichukua kauli yako na kumpelekea mwingine, wewe ulihisi mguso mdogo kifundoni, kama mtu anayegonga mlango kwa ncha ya kidole. Ndipo watu walipojifunza adabu mpya. Huchukui kauli ya mtu kuitoa mahali alipoisemea mpaka umemuuliza. Na mashine yenyewe ilikukumbusha.

"Umebisha hodi?" spika ilimuuliza Tusekile alipoielekeza kauli ile kwa Lugano.

Alijua jibu. Alijua pia kwamba Mzee Ambokile angechukua muda kujibu, na huenda angekataa. Akajiambia: ni mtu mmoja tu, tena ndugu yangu wa tumbo moja. Kwa kidole chenye utomvu wa ndizi akabonyeza: Nimebisha.

Mafundi waliweza kuzizuia sauti bandia. Uongo wa kidole kimoja hawakuuzuia.

*

Lugano alipiga simu kesho yake kabla ya chai.

"Dada," alisema, na Tusekile akasikia kuwa analia. Hakuwa amemsikia akilia tangu utotoni. "Dada, nimeomba ruhusa kazini. Nakuja. Mwambie mama nakuja."

Tusekile alikaa chini kwenye gunia la mkaa. "Ahsante Mungu," akasema.

"Nimeisikiliza usiku kucha. Nikaona si haki niisikie peke yangu, wako wengi kama mimi. Nimeiweka Ukumbini."

Ukumbi ulikuwa mahali pa wote. Mtu wa Masasi na mtu wa Musoma walikutana pale bila kujuana, na lililowekwa Ukumbini asubuhi lilifika kila jiko kabla ya jua kuzama.

"Lugano! Ulibisha hodi kwa mwenyewe?"

"Si wewe ulikwisha kubisha? Imeandikwa hapa, dada. Hodi imebishwa."

Akaelewa alichofanya. Uongo wake ulikuwa umeshikamana na kauli kama alama ya mhuri, na sasa ulikuwa ukiifungulia milango yote.

Kauli ikatembea. Tusekile aliikuta sokoni, kwa mama muuza maparachichi aliyekuwa akiisikiliza huku anajifuta macho kwa pindo la kanga. Aliikuta kanisani, mchungaji akiitaja katika mahubiri. Aliambiwa kuna bwana na bibi harusi wa Iringa walioiweka isikike kabla ya kula kiapo. Wote walikuwa na nia njema. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyetukana. Na kila mmoja wao aliyempelekea mwenzake, bila kufikiri, alikuwa akigonga mkono wa mzee mmoja huko Katumba.

Mzee Ambokile hakusema neno. Kundi nalo likaanza kunyamaza. Wale waliozoea kuamka wakisema wamelalaje, mgonjwa amekula nini, nani amekataa dawa, wakawa wanaamkiana tu kwa heshima na kuondoka, kama watu waliokutana mbele ya mgeni. Mwishowe mama mmoja wa Bukoba, Kokushubila, akasema mbele ya wote:

"Mlezi, mimi juzi nilisema humu kwamba nimemkaripia baba yangu mgonjwa mpaka akajikojolea. Nilisema kwa sababu uliniambia linalala humu. Hiyo nayo itakwenda sokoni lini?"

Tusekile alipoifikia spika, jina la Kokushubila lilikuwa limeshatoka kwenye kundi.

*

Lugano alifika na mkoba mmoja na viatu visivyofaa kwa matope ya Tukuyu. Alipiga magoti kando ya kitanda, na mama yao, ambaye hakuwa na maneno tena, akauinua mkono wa kushoto akauweka kichwani pake, ukakaa hapo. Siku iliyofuata Lugano alikuwa anamlisha uji kwa kijiko, taratibu, akimfuta kidevu.

Tusekile alimweleza yote. Lugano akaweka kijiko chini.

"Kwa hiyo hukubisha."

"Sikubisha."

"Ungebisha akakataa, mimi ningekuja?" Akamtazama mama yao. "Sijui, dada. Natamani ningesema ndiyo. Sijui."

"Kaa na mama," Tusekile alisema. "Kuna mtu natakiwa kumwangukia miguuni, na hilo halifanywi kwa spika."

Akatafuta mkungu mzuri wa ndizi na maziwa mgando, akaenda Katumba. Nyumba ya Mzee Ambokile ilikuwa imezungukwa na chai pande zote, kijani kimelowa. Mwenyewe alitoka barazani kumpokea, mrefu, amejikunja kidogo mabegani. Kifundo chake cha mkono kilikuwa kimefungwa kitambaa kilicholoweshwa maji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Sauti hiyo naijua. Wewe ndiye mlezi wetu wa Tunaouguza." Akaupokea mkungu. "Ndaga, ahsante sana. Ingia, mvua itakumaliza."

Tusekile hakungoja kukaribishwa kiti. Alipiga magoti pale pale mlangoni akasema alilokuja kusema: kwamba aliitoa kauli yake bila kumuuliza, kwamba aliandika amebisha na hakubisha, kwamba aliitoa kwa ajili ya mdogo wake na haikukaa kwa mdogo wake. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Inuka, sakafu ina baridi," alisema. "Mdogo wako alikuja?"

"Alikuja, baba."

"Basi."

"Mkono unakuuma?"

"Hauumi. Umechoka tu, kama mtu aliyesalimiwa na watu wengi msibani." Akakitazama kile kitambaa. "Nilikinyamazisha kigusa siku moja. Nikajiona nimewafungia watu mlango wakiwa wamelowa. Nikakifungua tena. Njoo umwone Mwalimu."

Alimwita mkewe Mwalimu, kama kila mtu Katumba alivyomwita. Bibi Subilaga alikuwa ameongoza shule ya wasichana miaka mingi, na hata sasa, akiwa kwenye kiti karibu na dirisha na kanga miguuni, mgongo wake ulikuwa umenyooka kama anangoja darasa linyamaze. Tusekile alimwamkia. Akaitika kwa upole wa mtu asiyejua anamwitikia nani.

"Sikiliza sasa," Mzee Ambokile alimnong'oneza Tusekile, akaigusa spika iliyokuwa dirishani.

Kikohozi kile kikasikika, kisha sauti: *Asubuhi hii nilikuwa namwosha mke wangu miguu...* Bibi Subilaga akageuza uso wote. Kitu kikawaka machoni pake.

"Huyo ni mume wangu," alisema.

"Ndiye, Mwalimu," alijibu Mzee Ambokile, aliyesimama hatua moja kutoka kwake.

"Anasema vizuri leo. Yuko wapi?"

"Yuko karibu."

Akaridhika, akaendelea kusikiliza akitabasamu. Mzee akamvuta Tusekile hadi jikoni.

"Jioni hanijui kabisa," alisema. "Nikimgusa anashtuka. Lakini hiyo kauli akiisikia, anamjua aliye ndani yake. Nimejaribu kutoa nyingine, maneno hayo hayo, sauti hii hii. Anasema huyo ni mtangazaji. Labda nilipoisema ile nilikuwa nimetoka kwenye miguu yake moja kwa moja, sijui. Ilirudi hapa kutoka Ukumbini, jirani akaiweka kwa sauti kubwa, naye akaniita jina. Jina langu, mwanangu. Sikuwa nimelisikia tangu masika." Akavuta pumzi. "Sasa wewe umekuja uniombe niirudishe nyumbani."

Tusekile hakuwa amesema hivyo, ila alikuwa ameliwaza njia nzima. Mwenye kauli peke yake ndiye aliyeweza kuirudisha nyumbani. Alihitaji tu kukishika kigusa chake na kusema neno moja, na uzi ungekatika kila mahali kwa wakati mmoja. Kauli ingenyamaza katika kila spika, na majibu yote yaliyokuwa yameningʼinia juu yake yangeanguka nayo. Wala mwenyewe asingebaki na nakala. Mafundi walifanya hivyo kwa makusudi, ili watu wasiyaite maneno yao nyumbani, wakayapaka rangi, wakayatoa tena kama mapya. Kilichorudi kilikuwa kimerudi.

"Nilikuja kuomba radhi tu, baba," alisema. "Kundi linakufa, hilo ni kweli. Watu wanaogopa kusema. Lakini siwezi kukuomba umpoteze."

Mzee Ambokile alikaa kwenye kigoda.

"Wewe uliibeba kutoka kwangu," alisema. "Na mimi je? Yale maneno ya katikati si yangu. Mikono mipole, akirudi nitamwambia... hayo ni ya Mwalimu. Aliniambia mimi, chumbani mwake, miguu yake ikiwa majini. Sikumbishia hodi. Nilitoka nikayamwaga kwenu." Akainua macho. "Asubuhi huwa anarudi, akishakunywa chai. Hukaa na sisi mpaka jua linapopanda. Kila asubuhi nasema leo nitamuuliza. Namwagia chai, namtazama, naogopa."

"Unaogopa atasema nini?"

"Nakijua atakachosema. Nimeishi naye."

Akamwomba Tusekile alale, ili asubuhi wawe wawili.

*

"Baba Gwakisa, mgeni huyu amepewa chai?"

Tusekile aligeuka. Sauti ilikuwa ile ya jana, lakini sasa ilikuwa na mwenyewe. Bibi Subilaga, aliyemwita mumewe kwa jina la mtoto wao, alikuwa anamtazama moja kwa moja, kikombe mkononi.

"Nimepewa, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Mtoto wa nani?"

Akajieleza. Kisha akamtazama Mzee Ambokile, na mzee akaweka chupa ya chai mezani kwa uangalifu mkubwa, akasema mwenyewe habari yote ya kauli, hadi ilivyofika kanisani. Hakujipunguzia. Akaigusa spika, kauli ikasikika, na safari hii Bibi Subilaga hakutabasamu. Aliisikiliza akiwa amefumba macho.

"Miguu yangu," alisema. "Mama yangu mzazi hakuiosha miguu yangu tangu nilipovunja ungo. Na sasa mchungaji wa Tukuyu anaijua."

"Nisamehe, Mwalimu," alisema mumewe.

"Na wewe uliandika umebisha?"

"Niliandika," alisema Tusekile. "Nilitaka mdogo wangu aje amwone mama yetu."

"Akaja?"

"Alikuja."

"Hm. Kosa limezaa. Makosa huzaa, ndiyo sababu watu hawaachi kuyafanya." Akanywa chai kidogo. "Watu walisema nini? Nisomee."

Tusekile akaanza kumsomea majibu. Bibi Subilaga alisikiliza kama anayesahihisha insha. Mmoja alisema amelia mpaka mto umelowa. "Huyo anajisifu." Mwingine akasema huo ndio upendo, siku hizi haupo. "Upendo haupo wapi, kwao?" Mwingine alikuwa ameanza sentensi hakuimaliza, naye Mwalimu akatikisa kichwa kwa huruma. Chini kabisa, mahali pasipofikiwa na mtu, palikuwa na kauli ya msichana mmoja wa Sumbawanga aitwaye Winfrida. Hakuna aliyemjibu.

"*Baba yangu ananiita kwa jina la shangazi yangu aliyekufa,*" sauti ya Winfrida ilisema. "*Nikimsahihisha analia. Je, nikiitika nitakuwa nimemdanganya?*"

"Rudia," alisema Bibi Subilaga.

Tusekile akarudia.

"Huyu hakusifu wala hakulia. Ameuliza. Na mwanafunzi akiuliza hujibiwa." Akaweka kikombe. "Sasa nisikilizeni kabla sijaondoka tena. Kauli hiyo irudi nyumbani."

Mzee Ambokile akashika ukingo wa meza.

"Mwalimu, jioni hunitambui," alisema. "Ulijua ya asubuhi ile tu, ya jioni huyajui. Sikukuambia. Unaniuliza mimi ni nani, na unanijua kwenye hiyo sauti peke yake. Ikirudi, sitakuwa na pengine pa kuonekana."

Ilikuwa dhahiri kwamba Bibi Subilaga hakujua. Rangi ya uso wake ilibadilika, na kwa kitambo kidogo Tusekile aliogopa kuwa ameondoka. Lakini alikuwa bado yupo.

"Kila jioni?"

"Nyingi."

"Pole, Baba Gwakisa." Akasema polepole. "Pole sana, mume wangu. Unataka ibaki?"

"Nataka."

"Umeniuliza?"

"Nakuuliza sasa."

"Basi nakujibu. Sioni haya kuumwa. Watu huumwa. Naona haya kusemwa nikiwa sipo, halafu nikarudi asubuhi nikakuta nchi nzima inanijua kwa siku ile. Mimi nimefundisha. Nimezaa. Nimekugombeza wewe mara nyingi ukastahili. Hayo hawayajui, wanajua miguu." Akamshika mkono, ule wenye kitambaa. "Ulisema kwa uchungu, nimekusamehe. Lakini irudi."

Mzee Ambokile aliinamisha kichwa. Kisha akasema, "Sawa, Mwalimu."

"Lakini ngoja. Nimjibu huyu mtoto kwanza, kabla swali lake halijaanguka na hayo mengine."

Kigusa cha Bibi Subilaga hakikuwa kimetumika siku nyingi. Tusekile alimsaidia kukiamsha. Mwalimu akajiweka sawa kitini, akasafisha koo.

"Winfrida, mwanangu. Mimi ndiye yule mgonjwa mnayemsikia. Leo asubuhi nipo, kwa hiyo nakujibu mwenyewe. Itika. Baba yako anapokuita kwa jina la shangazi yako, haulizi wewe ni nani. Anauliza kama kuna mtu wake hapo karibu. Yupo. Kwa hiyo si uongo. Itika."

Kauli ikaenda Sumbawanga, imesokotwa na mapigo yake yeye. Ndipo Mzee Ambokile akafungua kitambaa, akakishika kifundo chake kwa vidole viwili, akasema, "Rudi." Spika ya dirishani ilitoa mlio mdogo, kama mtu aliyemeza mate. Basi. Akaunyoosha mkono mbele yake akautazama. Hakuna aliyekuwa akigonga.

*

Ukumbini watu walilalamika. Walizoea kitu na sasa kimeondoka mikononi mwao. Wengine walimwita mzee mchoyo. Tusekile alikaa barazani kwa Mzee Ambokile akatoa kauli yake mwenyewe, Ukumbini na kwenye kundi, kwa jina lake na la baba yake. Alisema kwamba hodi iliyoandikwa pale ilikuwa ya uongo, na mwongo ni yeye. Kwamba mzee hakuwanyangʼanya kitu, maana hawakuwa wamepewa. Akawaambia wa Tunaouguza wachague mlezi mwingine. Miguso ikaanza kumjia kifundoni, mikali, watu wakiipeleka kauli yake huku na huko, na yeye akaiacha igonge. Kokushubila hakurudi. Ila kabla ya mchana kwisha mzee mmoja wa Kyela, ambaye hajasema tangu mambo yaanze, alisema mkewe amekula ugali nusu sahani. Kisha mtu akasema, "Hongera, baba," na mwingine akauliza kwa mboga gani.

Alasiri, Tusekile akijiandaa kuaga, Bibi Subilaga aliuvuta mkono wake ghafla. Kuna mtu alikuwa amemgonga kifundoni. Lakini kwa saa hiyo alikuwa amekwisha ondoka; macho yake yalikuwa ya jana. Akafanya kama afanyavyo mtu yeyote aliyelelewa vizuri akisikia mlango unagongwa.

"Karibu," alisema.

Ilikuwa hodi ya Winfrida, maana hodi nayo hugonga kifundoni. Aliomba ruhusa aichukue kauli ya Mwalimu awapelekee ndugu zake, wasikie wote wanaoishi na baba. Na mashine, iliyosikia neno karibu, ikauliza: *Ruhusa imetolewa?* Kwa kuwa ni mgonjwa, kilichobaki ni mtu aliye karibu kuthibitisha.

Mzee Ambokile alimtazama Tusekile. Kidole cha Tusekile kilikuwa karibu kabisa na spika. Lilikuwa jambo jema, tena limeombwa kwa adabu zote. Na Mwalimu mwenyewe, asubuhi, pengine angesema ndiyo.

"Hapana," alisema Tusekile. Akamfungulia Winfrida sauti. "Mdogo wangu, umebisha vizuri, ahsante. Amekukaribisha, lakini saa hizi hajui ni nani aliyebisha wala anaomba nini. Baba hapa atamuuliza asubuhi, wakati anaweza kukataa. Utangoja?"

Upande wa pili mlango ulilia kwa mbali, na mtu mzima akaita jina lisilo la Winfrida.

"Nitangoja, dada," alisema Winfrida. "Ananiita. Ngoja nimwitikie."

Bibi Subilaga alikuwa ameanza kutafuta kitu kwa macho, kwenye dirisha, kwenye spika iliyonyamaza, mlangoni ambapo Mzee Ambokile alisimama na bakuli la maziwa.

"Mume wangu alikuwa akizungumza hapa," alisema. "Amekwenda wapi?"

Tusekile aliona jinsi mzee anavyolitafuta neno lisilo la uongo.

"Hajaenda mbali, Mwalimu."

"Na wewe unamngoja?"

"Namngoja."

"Basi usisimame mlangoni kama mdai. Kaa hapa, tumngoje wote."

Mzee Ambokile akavuta kiti karibu na cha mkewe, akakaa, akampa maziwa. Tusekile akawafungia dirisha, maana mvua ilikuwa imeanza kuingia ndani.